Ufundi wa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Kila mwaka majibu ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yatangazwapo, watu wa kijiji chetu huwapima walimu wao. Husema, "Wanafunzi wa fulani wamefaulu wengi, basi fulani ni mwalimu hodari," tena, "Wa fulani wameanguka, basi huyo ni mvivu." Kipimo hiki si kibaya chote, maana hata mkulima hupimwa kwa ghala yake. Walakini kina upungufu mmoja mkubwa: mwalimu wa darasa la kwanza hakimgusi hata kidogo. Yeye hapewi sifa wala lawama. Wengi hudhani kazi yake ni kuwafuta watoto makamasi, kuwaimbisha, na kuwangoja wapate akili, ili wakafundishwe na walimu wenyewe huko mbele.

Nami nataka kusema leo kwamba mtu akitafuta fundi wa kufundisha, yampasa aanze kumtafuta hapo hapo pasipotazamwa.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Usukuma, umri wangu miaka 34. Kazi nalifundishwa katika chuo cha ualimu cha kanisa, na huu ni mwaka wangu wa 11 wa kushika chaki. Nafundisha hesabu katika madarasa ya juu. Mwaka huu mwalimu wetu wa madarasa ya chini, mama ambaye watoto humwita Bibi Mwalimu, atatimiza miaka 60, na sheria ya utumishi yamtaka astaafu. Amefundisha miaka 36, na katika hiyo miaka 29 ameitumia kwa darasa la kwanza na la pili. Cheti chake ni cha Daraja la Tatu A, na mshahara wake haukupata kuwa mkubwa.

Mkutano wa wazazi ulipokutana, likaulizwa swali la nani atakayelishika darasa lake. Mzee mmoja, mtu mwema anayeipenda shule, akasimama akasema, "Darasa la kwanza apewe ye yote atakayebaki. Walimu wenye shahada wawekwe juu, kwenye mtihani." Watu wakampigia makofi. Sikuyasikia makofi yale kwa furaha, kwa sababu nalijua kwamba kitu kitakachotoka shuleni pamoja na mama huyu hakimo katika kitabu cho chote kilichomo kabatini mwetu. Nalikuwa nimekwisha kukiona kwa macho yangu. Tangu mwezi wa pili, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, nalikuwa nikienda kukaa nyuma ya darasa lake katika vipindi nisivyofundisha, na daftari magotini.

Sasa na niwasimulieni jambo moja nililoliona humo, kisha mtahukumu wenyewe.

Darasa la pili lina watoto 84. Siku ile walikuwa wakijifunza kutoa. Kitabu kiliwataka watoe 37 katika 52. Jawabu, kama mjuavyo, ni 15. Watoto wengi wakaandika 25. Bibi Mwalimu akapita katikati ya madawati, akatazama, asikemee mtu, wala asifute kitu. Akarudi ubaoni akaandika hesabu nyingine ambayo haimo kitabuni: 61 kutoa 28. Wakaandika. Akapita tena, na kila daftari akalitia nukta ndogo kwa kalamu. Wengine nukta moja, wengine mbili, wengine hakuwatia. Kisha akawaambia watoto wa nukta moja wasogee dirishani, wa nukta mbili wakae karibu na mlango, na waliobaki akawapa kazi. Kazi yote hii haikumchukua robo saa.

Kengele ilipolia akaniuliza, "Mwanangu, umeona nini?"

Nikamjibu, "Nimeona kwamba waliokuwa na jawabu moja katika hesabu ya kwanza wametengana katika hesabu ya pili. Wako walioandika 47, na wako walioandika 43."

Akasema, "Ndiyo. Hesabu ya kitabu ilikuwa kipofu. Nalitaka yenye macho."

Tazameni vizuri, maana hapa ndipo penye maneno yangu yote. Mtoto wa kwanza akiona 52 kutoa 37, huanza na mamoja. Aona 2 juu na 7 chini. Amezoea kwamba namba ndogo ndiyo hutolewa katika kubwa, basi hugeuza: 7 toa 2, yabaki 5. Kisha makumi: 5 toa 3, yabaki 2. Amepata 25. Mtoto wa pili yeye ajua kukopa. Hukopa kumi, mbili zikawa kumi na mbili. 12 toa 7, yabaki 5. Lakini akisha kukopa husahau kwamba yale makumi matano yamepungua moja, akatoa 3 katika 5, yabaki 2. Naye amepata 25. Watoto wawili, jawabu moja, na makosa mbalimbali kabisa. Mmoja hajui kukopa; mwenziwe ajua kukopa ila hajui kwamba aliyekopwa amepungukiwa.

Katika 61 kutoa 28 njia zao hazikutani. Wa kwanza hugeuza 8 toa 1, apate 7, na makumi 6 toa 2, apate 4: jumla 47. Wa pili hukopa, 11 toa 8, apate 3, na makumi huyaacha kama yalivyokuwa, 6 toa 2, apate 4: jumla 43. Jawabu la kweli ni 33. Basi kwa hesabu moja tu, bila kuuliza mtoto neno, mama yule aliwagawanya watoto 84 mafungu matatu, akajua kila fungu lahitaji nini. Nikakaa jioni na karatasi nikitafuta kwa nini hesabu ya kitabu ilikuwa kipofu, nikaona: 7 yapita 2 kwa tano, na tano ni nusu ya kumi. Kila mahali namba ya chini ipitapo ya juu kwa tano, yule ageuzaye na yule akopaye bila kupunguza watafikia tarakimu ile ile. Bibi Mwalimu hakupata kulieleza jambo hili kwa maneno haya. Ila amesahihisha madaftari ya watoto miaka 29, na macho yake yamelijua.

Mganga aliyeelimika hawapi wagonjwa wote wa homa dawa moja, maana malaria huleta homa, na kidonda kilichooza huleta homa. Atapima kwanza. Sisi walimu je? Tukiona 25 twapiga mkasi mwekundu na kusema, "Kosa, rudia." Mtoto hurudia kweli. Hurudia vile vile alivyofanya, kwa bidii zaidi.

Wataalamu wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walitoa mwaka 1978 maandiko juu ya makosa ya watoto katika kutoa, wakaonyesha kwamba makosa mengi hayatokani na uzembe wala kubahatisha. Mtoto huwa na kanuni yake, naye huifuata kwa uaminifu. Ila kanuni yenyewe ndiyo ina kasoro. Ukiijua kanuni yake, waweza kutabiri jawabu atakaloandika kabla hajaandika. Nalijaribu jambo hili katika darasa la Bibi Mwalimu. Akaniandikia majina ya watoto sita kwenye kipande cha karatasi, na mbele ya kila jina akaandika jawabu la makosa atakalolitoa mtoto katika hesabu ya 83 kutoa 46. Watano wakalitoa kama alivyoandika. Wa sita alipata jawabu la kweli, naye mama akafurahi kushindwa.

Katika watoto wale wa 47 alikuwamo kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa amekwisha kuamua kumwondoa shuleni. Alisema kichwa cha mwanawe kimefungwa, bora achunge ng'ombe wa babu yake kuliko kumaliza madaftari bure. Bibi Mwalimu akamwita baba yule shuleni, wala hakumpa maneno ya kumsihi. Alimketisha kwenye dawati, akamwita mtoto, akamwekea mbele mafungu matano ya vijiti vya mabua ya mtama, kila fungu vijiti kumi vilivyofungwa kwa uzi, na vijiti viwili pekee. Akamwambia, "Nipe thelathini na saba." Mtoto akatoa mafungu matatu. Kisha akatazama vile vijiti viwili, akatazama mafungu mawili yaliyobaki, akanyamaza kitambo. Halafu akachukua fungu moja akalifungua uzi mwenyewe, pasipo kuambiwa, akahesabu saba akampa mwalimu. Yakabaki fungu moja na vijiti vitano. "Ngapi?" "Kumi na tano." Baba akavihesabu vile vijiti yeye mwenyewe mara mbili. Kijana yule yuko darasani hata leo, na ng'ombe wanachungwa na mtu mwingine.

Nalimwuliza mama, "Kanuni ile ya kugeuza huipata wapi?" Akacheka akasema, "Hutupata sisi. Katika darasa la kwanza walimu wengi huwaambia watoto, 'Haiwezekani kutoa namba kubwa katika ndogo.' Mtoto mtiifu hulishika neno hilo. Siku akiona saba chini ya mbili, hutii: akageuza, ili ndogo itoke katika kubwa." Kwa ajili hiyo yeye hasemi "haiwezekani" tangu siku nyingi. Husema, "Mbili hazitoshi." Maana kisichowezekana mtu hukiacha, bali kisichotosha mtu hukitafutia nyongeza. Nalikaa nikilifikiri neno hilo moja njia nzima ya kurudi nyumbani. Chuoni tulifundishwa mambo mengi mazuri: jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kutunza nidhamu, hata namna ya kusimama ubaoni usiwape watoto mgongo. Tofauti ya "haiwezekani" na "hazitoshi" sikupata kuisikia huko.

Sasa labda msomaji atauliza, fundi huyu aona nini ambacho wengine hawakioni? Fikirini habari ya bao. Kila jioni penye bao la mashimo 32 na kete 64, watu huzunguka. Mtu mgeni wa mchezo huona mashimo na kete tu, hii ina tatu, hii ina tano. Fundi akitupa jicho mara moja huona hatari iliyo hapa na nafasi iliyo pale, wala hakuhesabu. Wamarekani William Chase na Herbert Simon walitoa mwaka 1973 habari ya majaribio yao juu ya mchezo wa sataranji, ambao ni jamaa ya bao kwa kufikirisha. Walimwonyesha mchezaji ubao wenye mchezo uliofika katikati kwa muda wa sekunde 5 tu, kisha wakamwambia aupange upya kwa kukumbuka. Fundi alizirudisha mahali pake kete zipatazo 16, na mwenye kuanza zipatazo 4. Mtu angedhani fundi amezaliwa na kumbukumbu kubwa. Lakini zilipotapanywa kete ovyo, bila mpango wa mchezo wa kweli, fundi na mwanafunzi wakawa karibu sawa. Basi nguvu yake haikuwa ya kichwa kikubwa. Alikuwa ameona michezo mingi hata ubao ukawa unasema naye.

Darasa la watoto 84 ni ubao wa namna hiyo. Mgeni huona makelele.

Walakini naomba msinielewe vibaya, mkadhani nasema kwamba miaka mingi ndiyo ufundi. Sivyo. Wako watu waliocheza bao tangu ujana wao, na hata leo vijana huwafunga. Na wako walimu waliofundisha miaka 30, ambao kwa kweli wamefundisha mwaka mmoja mara 30. Tofauti niliyoiona kwa mama huyu ni moja: kosa la mtoto kwake ni habari. Hulipokea kama mtu apokeavyo barua, hulifungua, hulisoma. Mwalimu mwingine hulipokea kama tusi, hukasirika, na aliyekasirika hasomi barua.

Wala si jambo la kuijua hesabu sana. Mwenye shahada ya hesabu ajua mengi ambayo Bibi Mwalimu hayajui, naye hukiri hivyo bila haya. Lakini kujua kutoa ni kitu kimoja, na kujua mtoto wa miaka minane hupotea wapi katika kutoa ni kitu cha pili. Lee Shulman, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1986. Alitazama mtihani wa walimu wa California wa mwaka 1875, akaona kwamba katika alama 1,000, zilizohusu kazi yenyewe ya kufundisha zilikuwa 50 tu. Nyingine zote zilipima kama mwalimu ajua masomo. Akatazama mitihani ya siku zake, akaona kinyume: imejaa mambo ya kuongoza darasa, na somo lenyewe limesahauliwa. Akasema katikati ya hayo mawili pana ujuzi wa tatu, nao ndio wa mwalimu peke yake: kujua jinsi somo hili hasa linavyoeleweka na linavyopotosha, mifano gani hulifungua, na wanafunzi huja na mawazo gani kabla hujasema neno. Kwa maoni yangu ndipo tunapokosea vijijini. Twauliza, "Ana shahada?" au twauliza, "Ana adabu, hawapigi watoto, halewi?" Maswali yote mawili ni ya haki. La tatu hatuliulizi.

Hata dunia nzima hufanya hivyo. Mwaka 2019 mtawa Peter Tabichi wa Kenya, mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, alipewa tuzo kubwa ya walimu wa ulimwengu, nasi sote tulifurahi. Habari iliyotembea kila mahali ni kwamba hutoa sehemu 80 katika kila 100 za mshahara wake kwa wahitaji. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, nalitamani mwandishi mmoja angekaa nyuma ya darasa lake akatuambia hufanyaje mtoto asiyeelewa anapomwambia, "Sijaelewa."

Ujuzi huo wa tatu, tena, hauwezi kuagizwa wote kutoka Ulaya au Marekani, kwa sababu sehemu yake imo katika lugha zetu na maisha yetu. Nitatoa mifano niliyoiandika katika daftari.

Kwa Kisukuma ishirini ni *makumi abili*, na thelathini ni *makumi adatu*. Waganda nao husema *amakumi abiri*, *amakumi asatu*. Mtoto akilisikia jina amekwisha kusikia hesabu: makumi mawili, makumi matatu. Kiswahili kimechukua majina ya makumi kwa Waarabu, na katika "thelathini" mtoto wetu haisikii tatu hata kidogo, wala katika "hamsini" haisikii tano. Ni majina tu, kama majina ya watu. Kwa hiyo Bibi Mwalimu hulipa kila kumi majina mawili kwa muda wa majuma mengi: "makumi matatu, yaani thelathini, makumi matano, yaani hamsini." Wageni wa darasa huona anapoteza wakati. Lakini mtoto asiyesikia matano ndani ya hamsini, atajuaje kwamba akikopa moja yatabaki manne?

Tena kuna habari ya saa. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa ya ukutani hufuata hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Mshale mfupi waelekea 7, nasi twamwambia mtoto, "Sasa ni saa moja." Machoni pa mtoto mwenye akili huo ni uongo mtupu, na yule anayepinga ndiye aliyetazama vema. Mama huyu huwafundisha kutazama tarakimu iliyo upande wa pili wa uso wa saa, kinyume cha mshale: mshale ukiwa kwenye 7, upande wa pili pana 1, ukiwa kwenye 3, upande wa pili pana 9, nayo ni saa tisa. Ni kwa sababu hesabu hizi mbili zapishana kwa saa 6, na 6 ni nusu ya mzunguko. Siku hizi watoto huleta swali la simu, ambayo haina mshale wala upande wa pili. Hapo huwaambia watoe sita, ila zikiwa sita au pungufu waongeze kumi na mbili kwanza, na jawabu likizidi kumi na mbili watoe kumi na mbili. Lakini hawapeleki kwenye simu mpaka wamekwisha kuuona mzunguko.

La tatu ni la kutuchekesha sisi Wasukuma wenyewe. Lugha yetu haina *r*, basi watoto huandika "habali" na "balabala". Mwalimu mgeni aweza kudhani mtoto hajui herufi, akamrudisha kwenye a, e, i, o, u, na mtoto akaona amedharauliwa. Bibi Mwalimu huandika ubaoni "kura" na "kula", akamwambia mtoto aonyeshe ipi ni ya uchaguzi na ipi ni ya chakula. Akionyesha sawasawa, basi macho yake ni mazima na sikio ndilo linalotaka mazoezi. Asipoweza, ni jambo jingine, na dawa yake ni nyingine. Namna hii hii humtambua mtoto anayesoma kwa kukariri. Wako watoto husoma ukurasa wote bila kosa, wazazi wakafurahi, kumbe wameushika kwa masikio kama wimbo. Yeye huwaambia wausome mstari kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Wazazi mlio na watoto wadogo nyumbani, mwaweza kujaribu usiku huu.

Nimemsifu sana, nanyi mtaniuliza kama hana kasoro. Anazo. Huchelewa kujaza vitabu vya mahudhurio, na wakaguzi wamemwandikia mara nyingi juu ya hilo. Hapendi kufundishwa na vijana, na mara mbili alinitoa nje kwa sababu nalinong'ona na mtoto wa nyuma. Tena hata fundi hashindi yote. Katika wale 84 wako watoto wanaokuja na njaa, ambao saa nne hulala juu ya daftari, na hakuna hesabu yenye macho itakayowaamsha. Mama huyu husema waziwazi kwamba kama wangekuwa 45 angewajua wote kwa undani, ila kwa 84 wako wanaompita katikati ya vidole. Serikali yetu ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2001 watoto waliingia kwa wingi mno, nasi hatuwezi kuombea warudi nyumbani. Lakini tusiseme kwamba wingi ule hauna gharama.

Basi baada ya mkutano ule nalikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamwambia, "Mwakani nipe darasa la kwanza." Akadhani nafanya mzaha. Mke wangu naye aliuliza kama nimegombana na mtu kazini. Rafiki yangu mmoja akaniambia najishusha, na kwamba mwalimu wa madarasa ya chini haitwi kusimamia mitihani wala hapati posho yake. Ni kweli, hapati. Mwalimu Mkuu alikaa siku nane, kisha akakubali, kwa sharti kwamba hesabu ya darasa la juu niendelee nayo mara mbili kwa juma. Kwa wazazi bado jambo halijaisha. Kamati itakutana tena mwezi wa kumi na moja, na yule mzee amesema atasimama kupinga, maana mjukuu wake yumo katika darasa la mtihani, naye anataka nikae naye. Simlaumu. Ninalomwomba yeye na wenziwe ni kwamba kabla ya siku hiyo waje kwa zamu kukaa nyuma ya darasa la pili, kila mmoja kipindi kimoja tu. Wanne wamekwisha kuja.

Madaftari yangu yamefika matatu. Nalimwonyesha Bibi Mwalimu, akayafungua, akasoma kidogo bila miwani, akayarudisha. Akasema, "Yameandikwa vizuri, lakini daftari halisikii." Ndipo akaniambia Jumatatu ijayo yeye atakaa nyuma, nami nitasimama mbele, na hesabu ya kwanza ya ubaoni niichague mwenyewe, isiwe ya kitabu. Tangu juzi nakaa na karatasi kila jioni. Nimeandika 74 kutoa 39, nikaifuta, kwa kuwa ni kipofu. Nimeandika 80 kutoa 26, nikaifuta vile vile, kwa kuwa sifuri ina mashaka yake ambayo watoto hawajafika. Sasa ninayo 72 kutoa 48, nami bado naitazama.